Kuamka saa sita na nusu usiku, au chumvi?

Sisi wazazi wenye watoto wa nakolepsia, ule ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana na mwili kulegea ghafla, hapa Marekani tukikutana tu, lazima hili lirudi: dawa ya usiku ipi, Xywav, ile ya mara mbili yenye chumvi kidogo, au Lumryz, ile ya mara moja mpaka asubuhi? Wengi wanaongea kama vile moja ni kali kuliko nyingine, kumbe dawa yenyewe ni ileile, oksibeti, inampa mtoto usingizi mzito usiku ili mchana asisinzie darasani na magoti yasimlegee akicheka.

Xyrem ndo ilitangulia, watoto wa miaka 7 kwenda juu wakaruhusiwa 2018. Shida yake sodiamu, ile ya kwenye chumvi. Dozi ya juu ya mtu mzima, gramu 9, ina kama miligramu 1,640, na WHO, shirika la afya duniani, wanasema mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima, chakula chote humohumo. Xywav ya 2020 ikapunguza hiyo sodiamu kwa asilimia 92. Lumryz, ya mara moja, watoto wakaruhusiwa Oktoba 2024, ila chumvi yake ni kama ya Xyrem tu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walikubali Xywav inaizidi Xyrem kwa ajili ya chumvi, halafu baadaye wakakubali Lumryz inazizidi zote mbili kwa kuwa haikuamshi, sasa mzazi ushike lipi?

Wangu ana miaka 11. Jioni napima dawa kwa bomba, nachanganya na maji kwenye vikombe viwili, cha kwanza anakunywa saa tatu akiwa kitandani tayari na masaa mawili yameshapita tangu ale, cha pili nakificha juu ya kabati wadogo zake wasikifikie. Saa sita na nusu alam inalia, namwinua, macho hafungui kabisa, anakunywa, anakunja uso kwa ule uchumvi, anarudi chini. Nikipitiwa na usingizi ndo basi, dozi ya pili inatakiwa ndani ya masaa mawili na nusu mpaka manne, ikipita humpi, na asubuhi kumvalisha soksi tu ni kazi.

Kwa hiyo mama wa shifti ya usiku, anayemwachia dada mkubwa alam na kikombe cha dawa inayoweza kupunguza pumzi, mimi siwezi kumwambia Lumryz ni uvivu. Kwake huo ni usalama hasa.

Ila pakiti za Lumryz zina kipimo chake, ya chini kabisa gramu 4.5. Wangu alipoanza kutapika na kukojoa kitandani daktari alipunguza kidogo tu dozi moja, na kwa pakiti hilo lisingewezekana. Halafu hii si dawa ya mwezi mmoja, ataitumia miaka na miaka, na kwetu presha ipo, babu yake anayo, shangazi zake wawili wanayo. Ndo maana nimebaki na Xywav na alam yangu.

Daktari amesema akiongeza kilo tutaongea tena kuhusu Lumryz. Mtoto mwenyewe ameshaanza kuniuliza, darasa lao likienda kambi, nani atamwamsha usiku?