Kitunguu ndani ya Bahari ya Hindi: homiopathia na mafua yasiyoisha

Mpwa wangu ana miaka sita, anaishi Tabata, Dar es Salaam. Ukikaa naye dakika kumi tu utamwona akiisukuma ncha ya pua juu kwa kiganja, anapumzika, anasukuma tena. Amefanya hivyo kwa muda mrefu mpaka mgongo wa pua umejichora mstari mwembamba wa kukatiza. Chini ya macho ana weusi kama mtu asiyelala. Mama yake, ambaye ni mdogo wangu, hali hiyo anaiita mafua, na kwa hesabu yake mtoto ana mafua tangu alipotimiza miaka mitatu.

Mwezi wa saba alinionyesha kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama, alivyoanza kumpa mtoto mwezi wa tano. "Kaka, hii ndiyo imemsaidia. Hospitali tumezunguka mpaka tumechoka." Nikasoma lebo: Allium cepa 30C. Allium cepa ni kitunguu maji, kilekile cha kachumbari.

Tiba hii, homiopathia, aliianzisha daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1796: kitu kinachomletea mtu mzima wa afya dalili fulani kinaweza kumtibu mgonjwa mwenye dalili zinazofanana nazo. Kitunguu kinatoa machozi na makamasi, kwa hiyo pua inayochuruzika hupewa kitunguu. Kule India tiba hiyo inatambuliwa kwa sheria na ina vyuo vyake, na hapa Dar zipo familia zenye asili ya huko zilizoizoea kwa vizazi. Sasa imetoka Upanga na Kisutu, imefika Tabata.

Shida yangu inaanzia kwenye ile 30C. Unachukua tone moja la maji ya kitunguu, unalichanganya na matone 99 ya maji au spiriti, unatikisa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kwenye mchanganyiko huo unachota tone moja, unalitia tena kwenye matone 99. Unarudia mpaka hatua ya 30. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Ukisimama Kivukoni ukadondosha tone moja la kitunguu baharini, kisha Bahari ya Hindi nzima, kutoka hapa mpaka Australia, ikachanganyika sawasawa, utakuwa umefika kati ya hatua ya 12 na ya 13. Bado hatua 17. Kikemia, ukishapita hatua ya 12 hakuna matumaini ya kukuta hata chembe moja ya kitunguu ndani ya kichupa. Wenye tiba yao wanasema maji hubaki na kumbukumbu ya kilichopita. Lakini mdogo wangu hakuuziwa maji. Kimiminika hudondoshwa juu ya vidonge vya sukari kisha kinakauka, na mtoto anapewa sukari.

Hesabu peke yake haimridhishi mama aliyemwona mwanawe akilala usiku mzima bila kukoroma, na ana haki ya kutoridhika. Swali lake ni kama dawa inafanya kazi, hata kama hatujui inafanyaje. Kwa mzio wa pua (aleji), ambao mimi naamini ndio unaomsumbua mpwa wangu, swali hilo limepimwa, na sitaki kuficha kwamba yapo majibu yaliyowapa moyo wenye tiba hii. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wagonjwa 51 wenye mzio wa pua wa mwaka mzima. Waliopewa homiopathia walionekana kuvuta hewa puani vizuri kidogo kuliko waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote. Ila walipoulizwa wenyewe wanajisikiaje, makundi yote mawili yalisema yana nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Miaka miwili baadaye jarida hilohilo likatoa utafiti mkubwa zaidi, wa watu 242 wenye pumu na mzio wa vumbi la nyumbani. Homiopathia haikuwashinda waliomeza vidonge vitupu. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia ushahidi wa magonjwa mengi kwa pamoja, likasema halikuona hata ugonjwa mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya umma ya England iliwashauri madaktari wake waache kuiandika.

Kwangu mimi jibu limeshapatikana. Dawa haimo kichupani.

Ila nilipomuuliza mdogo wangu ilikuwaje huko alikokwenda, nikasikia jambo ambalo hesabu yangu haikuligusa. Walikaa saa nzima na zaidi. Yule mtaalamu aliuliza mtoto anapiga chafya saa ngapi, asubuhi au jioni. Makamasi ni maji au mazito? Anawashwa macho? Analala na nani, juu ya godoro gani, chumba kina dirisha? Akienda kwa bibi Morogoro inakuwaje? Kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza mama huyu maswali hayo. Kule hospitali alikuwa akipanga foleni tangu alfajiri, anaingia, anasema "mtoto ana mafua", anatoka na amoksilini na Piriton. Safari ya mwisho mtoto hakuguswa hata pua.

Na amoksilini ya nini? Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mtoto mdogo kupata mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka ni jambo la kawaida, na kila mara huisha yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi. Lakini huyu mtoto hana homa, makamasi yake ni maji matupu, anawashwa, anapiga chafya saba mfululizo akiamka, na hali hiyo haikomi. Huo ni mzio. Dawa zake zipo na zimepimwa: setirizini au loratadini, na zaidi ya zote dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ambayo inataka subira kwa sababu hufanya kazi ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa. Wengi huitupa siku ya tatu, wakakimbilia famasia kununua matone ya kuzibua pua. Hayo yanafungua pua papo hapo, na ukiyatumia zaidi ya siku tano hivi pua inayazoea, inaziba kuliko mwanzo, unarudi kununua. Naogopa matone hayo kuliko ninavyoogopa vidonge vya sukari, na nalisema hilo nikiwa upande wa hospitali.

Kwa hiyo wanaosema "angalau homiopathia haina madhara" wana hoja, lakini hoja yao ina mpaka. Sukari haitamdhuru mwenye chafya. Atakayedhurika ni mwenye pumu anayeambiwa aweke kando dawa yake ya kuvuta, au mtu anayekohoa wiki mbili akitafuna vidonge badala ya kwenda kupima kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 dhidi ya kutumia homiopathia kwa kifua kikuu, malaria, Ukimwi, mafua makali ya influenza na kuhara kwa watoto wachanga. Usajili nao usitudanganye. Sheria yetu ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 imeweka baraza la kuwasajili watoa tiba hizi, na ni jambo jema, maana mtu anajulikana alipo. Cheti ukutani kinakwambia mtoa tiba ni nani. Hakikwambii kwamba kichupa chake kina kitu. Na kuna pesa: mdogo wangu ameshatoa laki moja na nusu, kutoka kwenye biashara ya vitumbua.

Ningependa daktari wa zahanati aulize maswali manne tu katika yale ya saa nzima. Saa ngapi, anawashwa au hawashwi, analala juu ya nini, akihama nyumba inakuwaje. Dakika tano zinatosha. Dar mtu akiuliza godoro amegusa penyewe: hewa ya hapa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, hupenda unyevu na hujificha kwenye magodoro na mito. Mende nao huleta mzio. Moshi wa mkaa huichokoza pua iliyokwisha kuvimba.

Mpwa wangu alikuwa akilalia mto wa sufi aliorithi kwa bibi, mkubwa kuliko yeye, haujawahi kufuliwa. Baada ya maswali yale mama yake aliutoa nje, akamnunulia mwingine, na shuka sasa anafua kwa maji ya moto kila Jumamosi. Aliyafanya hayo mwezi wa tano, wiki ileile alipoanza kumpa vidonge. Mwezi wa sita masika yakawa yameisha, kusi ikawa inavuma, hewa ikakauka kidogo. Yeye anasema ni kichupa. Mimi nasema ni mto, na nikiwa mkweli sina namna ya kumthibitishia, kwa kuwa vyote vilibadilika pamoja. Tumekubaliana hivi: kichupa kikiisha hanunui kingine, mto wa sufi haurudi ndani, na mtoto anaanza dawa ya kupuliza puani mvua za vuli zikikaribia. Anaandika kwenye daftari la mahesabu ya vitumbua, kila asubuhi, chafya ngapi.