Białowieża: kura ya turufu ya wanavijiji ibaki

Kila mjadala wa kupanua Hifadhi ya Taifa ya Białowieża unapoibuka, lawama huwaangukia wenyeji. Sheria ya Polandi hairuhusu hifadhi kupanuliwa bila madiwani wa eneo husika kuridhia, na huko wamekuwa wagumu kuridhia. Leo hifadhi inashika takribani moja ya sita tu ya msitu ulio upande wa Polandi. Natamani ipanuliwe. Hata hivyo, kura hiyo ya turufu naitetea.

Białowieża ni halmashauri ndogo ya vijijini mashariki mwa nchi, mpakani na Belarusi. Karibu eneo lake lote ni msitu, na vijiji kama Teremiski, Budy na Pogorzelce vimezungukwa na miti. Wakatoliki na Waorthodoksi wanaishi pamoja.

Msitu umesalia kwa sababu wafalme waliutaka kwa uwindaji wao. Katika bustani ya kasri kuna mnara wa mawe, wenye maandishi ya Kipolandi na Kijerumani, unaoorodhesha mawindo ya Mfalme August III wa Polandi mwaka 1752: nyati wa Ulaya 42 katika msako mmoja! Kisha wakaja matsari wa Urusi, nao wakajenga kasri lao. Mwaka 1915 jeshi la Ujerumani liliingia, likatandika reli nyembamba na kujenga viwanda vya mbao, huku wanavijiji wengi wakiwa wamehamishiwa ndani ya Urusi. Nyati wa mwisho wa porini katika msitu huu aliuawa 1919. Waliopo sasa ni uzao wa waliotoka kwenye bustani za wanyama. Wa kwanza walirudishwa msituni 1952.

Mwaka 2016 serikali iliruhusu miti mingi zaidi ikatwe, na mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria imevunjwa. Mahakama ilikuwa sahihi kabisa. Lakini Septemba 2021, kwa sababu ya wahamiaji waliokuwa wakivuka kutoka Belarusi, serikali ilifunga eneo la mpakani, wageni wakazuiwa, na wenye nyumba za kulala wageni wakabaki na vyumba vitupu hadi katikati ya 2022.

Watu walioamuliwa kila kitu na wengine kwa karne nzima wana haki ya kuuliza watakula nini. Serikali iwaandikie fidia na ajira kisheria kwanza, ndipo iwaombe kura.