Gari Langu Lina Kansa, Lake Lina Mafua

Ukitaka kujua gari lako lina magonjwa mangapi, usihangaike na fundi. Nenda yadi ya magari, mwambie muuzaji unataka kuliacha pale, uongeze hela, uondoke na jingine. Fundi wako, kwa kuwa anakula kwako, atakutajia ugonjwa mmoja mmoja ili msichoshane. Yule wa yadi atakusomea faili zima kabla hujazima injini.

Na gari langu nalijua. Linakunywa oili, na hilo si siri, kwa sababu asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa bluu mpaka jirani anaanua nguo zake. Moshi wa bluu ni oili inaungua: ringi za pistoni zimechoka, au sili za valvu zimekauka. Mweusi ni mafuta yanayoingia mengi kuliko yanayochomeka. Mweupe, ukipotea injini ikishapata moto, ni mvuke tu. Ukigoma kupotea, ujue maji ya rejeta yanapita kusikotakiwa na gasketi ya silinda hedi inaaga dunia. Basi mimi ni wa bluu. Giaboksi nayo, otomatiki, ikitaka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inafikiria kwanza. Injini inanguruma, gari halisogei, halafu ghafla linakumbuka lilikokuwa linaenda na abiria wote wanaitikia kwa vichwa. Kioo cha dereva kushuka kinashuka chenyewe, kupanda kinasaidiwa kwa kiganja. Ukikata kona ya kulia, tairi la mbele linahesabu: ka, ka, ka. Hayo ndiyo yote. Kwa umri wake mimi naliona lina afya njema.

Bwana wa yadi alinipokea vizuri mno. "Karibu mzee wangu," kiti hiki hapa, maji haya hapa. Niliposema nina gari la kubadilisha, maji yakasahaulika. Akatoka nje na kijana wake mwenye tochi. Tochi, mchana kweupe! Akalizunguka gari huku anasonya, akaweka kiganja juu ya boneti, akanigeukia kama amenikamata na mali ya wizi.

"Mzee, umelipasha moto kwanza."

Nililiendesha kuja pale. Alitaka nilibebe mgongoni? Lakini nilimwelewa. Injini ikiwa baridi ndipo husema ukweli: inagonga, inakohoa, inatoa moshi wake wote. Ikishapata moto inajikaza kama mgeni ukweni. Kwa hiyo mnunuzi mjanja hugusa boneti kabla ya kusalimia.

Akafungua kifuniko cha oili, akamulika chini yake kutafuta ule ute mweupe mfano wa maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Hakuuona, akasikitika. Akaingia chini ya gari, nikasikia anahesabu kwa sauti: bushi, bolijointi, shokapu mbili, na sivi jointi, ile inayohesabu kwenye kona. Alipotoka alikuwa na huzuni ya mtu aliyetoka kuzika. "Giaboksi ni ya kutoa," akasema. "Injini ni ya kufungua. Mkanda wa taimingi uliubadilisha lini?" Nikamwambia tangu ninunue haujanisumbua. Akafumba macho. Kweli, mkanda huo hausumbui mtu. Hukatika kimyakimya, na kwenye injini nyingi ukikatika pistoni zinagonga valvu na kuzipinda, na hapo ndipo unaanza kutafuta namba ya fundi huku umesimama katikati ya barabara.

Kisha akataja bei. Nisiitaje hapa, watoto wangu wanasoma.

Tukahamia upande wake wa uzio sasa. Na mimi nina mikono: nikagusa boneti ya gari alilonichagulia. Ya moto! Gari ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, halijasogea tangu wiki iliyopita. Nikamuuliza. "Jua hilo, mzee." Mbona la pembeni yake, rangi ileile, boneti baridi? "Hilo liko kivulini kidogo."

Nikaingia ndani. Odomita inasema kilomita 68,000, gari la miaka 12. Sawa, labda mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Lakini mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umeng'aa sehemu mbili za kushikia. Mtu wa kukaa nyumbani alikuwa anakanyaga breki sebuleni? "Alikuwa na mguu mzito," akajibu. Nikafungua boneti, injini imeoshwa inameta, huwezi kuona hata tone la oili lilikovujia. Langu, kwa kuwa lina vumbi, aliliita "halijatunzwa." Likisogea taratibu likasita kuingia gia: "Hiyo kompyuta bado inakuzoea." Shokapu zikilia: "Gari lililokaa." Nilisikia ka, ka kwenye kona. Akasema ni kokoto.

Nilikuwa nimeenda na fundi wangu. Ana kile kifaa cha kuchomeka chini ya dashibodi. Tundu lenyewe Marekani walililazimisha kwa magari yote madogo ya kuanzia modeli za 1996, sasa liko karibu kila mahali. Akachomeka: hakuna kosa hata moja. Muuzaji akatabasamu. Fundi hakutabasamu, akaninong'oneza kwamba makosa hayapo, ila na vile vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe likiwa linatembea vinasema "bado." Maana yake kuna mtu kafuta kumbukumbu karibuni. Muuzaji akasema walitoa betri kuisafisha.

Kuna mchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 kwamba kwenye soko la magari yaliyotumika muuzaji anajua ubovu na mnunuzi hajui, basi mnunuzi anatoa bei ya mashaka, na wenye magari mazima wanaona bora wayarudishe nyumbani, sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 akapewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Safi sana. Ila mimi nilikuwa na muuzaji anayejua ubovu wa gari lake na la kwangu pia, na bado anataka niongeze.

Na hapo kwenye kuongeza ndipo penye mazingaombwe. Nikilalamika kwamba langu amelipa bei ndogo, anapandisha kidogo, kwa huruma. Ukitazama, na la kwake limepanda kiasi hichohicho. Nikimbana ashushe la kwake, langu linaporomoka nalo. Fundi akanivuta shati: "Mzee, achana na hizo bei mbili. Uliza unatoa shilingi ngapi mfukoni, basi." Nikauliza. Ikawa zamu ya muuzaji kusahau hesabu.

Tulipofika kwenye karatasi nikacheka peke yangu. Ukurasa wa kwanza, mimi natakiwa kuorodhesha ubovu wote ninaoujua wa gari langu na kutia sahihi. Ukurasa wa pili, la kwake "limeuzwa kama lilivyo." Nikaandika oili, giaboksi, kona ya kulia. Kioo sikukiandika, kioo si ubovu, ni tabia. Nikatia sahihi, kwa sababu langu lisingevuka mwezi ule, na fundi alishanitajia gharama ya giaboksi kwa sauti ya upole.

Siku chache mbele, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Ya njano, imetulia, kama imekuja kukaa. Nikampigia. "Ni sensa tu hiyo, mzee." Langu, bila hata taa, aliniambia injini ni ya kufungua! Nikalipeleka mwenyewe yadi aione.

Nikakuta gari langu la zamani pale mbele, limeoshwa, tairi zimepakwa weusi, kijana mmoja anainama dirishani na muuzaji anamwambia, "Mmiliki mmoja, mtu mzima, hajalikimbiza." Boneti nikaigusa kwa kupita. Ya moto. Moshi wa bluu ulikuwa bado unaelea nyuma, na muuzaji anaueleza: "Umande huo."

Kijana akaniona na mvi zangu, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, wewe hili unalionaje?" Muuzaji akanitumbulia macho, halafu akaitazama ile taa yangu ya njano, halafu akanitazama tena, tukaelewana kwamba sensa inaweza kubadilishwa bure.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Gari ni gari. Ila kioo cha dereva ukikishusha, kukipandisha weka kiganja hivi, sukuma kuelekea nyuma kidogo."

"Umejuaje, mzee?"

"Naona tu kwa macho."