Ofisi nzima tumezaliwa Januari

Haya jamani, najua ile stori mmeshaipata, kuna rafiki yangu mmoja kaisambaza kwenye magrupu matatu (nimekuona wewe), anasema eti nililia. Sikulia. Macho yalitoka maji tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, tarehe za kuzaliwa za wafanyakazi ziko kwenye faili, zimeandikwa hivi 05/08/1990, nizisome kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) nichore grafu ya bethdei kwa kila mwezi. Nikaandika %d/%M/%Y, alama za kuiambia Python hapa ni siku, hapa mwezi, hapa mwaka, au ndivyo nilivyodhani, nikajaribu kusoma tarehe moja na kuichapisha tena kwa fomati ileile, ikatoka vilevile 05/08/1990, nikajipongeza nikafunga laptop.

Sasa kikaoni. Projekta imewaka. Miezi kumi na moja mitupu kabisa, Januari peke yake imesimama kama mnazi. Mwenye akili zake angenyamaza hapohapo. Mimi nikakohoa kidogo nikasema "kama mnavyoona, wengi wetu tumezaliwa Januari." Wengi wetu! Halafu nikaongeza, Mungu anisamehe, "ukihesabu miezi tisa nyuma unaangukia Aprili, kwa hiyo inaelekea Aprili watu wanakuwa na nafasi."

Kimya. Feni ndo ilikuwa inaongea. Mama wa utumishi akavua miwani, akaifuta taratiiibu, akaivaa, akaiangalia grafu, akaniangalia mimi. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Agosti."

Na mimi, msinihukumu, nikamjibu "una uhakika mama?"

Kumbe %M kubwa ni dakika, mwezi ni %m ndogo!! Agosti ya mama wa watu imesomwa dakika ya nane, mwezi haujatajwa popote, Python ikajiwekea Januari kimyakimya bila hata kunikemea, na wakati wa kuchapisha ikanirudishia zilezile dakika mimi nikadhani ndo mwezi. Yani ingegoma kama namba ingepita 59, sasa niambieni nyie, mwezi gani unafika 59?

Nikabadilisha herufi moja, grafu ikakaa sawa, nikaomba radhi, yakaisha.

Yameisha wapi. Leo asubuhi nimemuuliza mtu saa ngapi, kaangalia simu yake vizuri kabisa, kanijibu saa tatu na Agosti.