Rada Inayopaa: Je, Wakati Wake Umepita?

Mei 4, 1982, karibu na visiwa vya Falkland vilivyokuwa vikipiganiwa na Argentina na Uingereza, ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard zilikuja zikiruka chini chini juu ya bahari, zikapanda kidogo kutafuta shabaha, zikafyatua makombora ya Exocet na kugeuza. Manowari ya Uingereza, HMS Sheffield, ikapigwa. Mabaharia 20 walikufa.

Makosa ya watu yalikuwapo melini, lakini tatizo la msingi lilikuwa kimo. Dunia ni duara, na rada haioni nyuma ya mgongo wake. Ikiwa juu ya mlingoti wa mita 20, chombo kinachokaribia kugusa maji huonekana kikiwa kimebakiza kilomita 20 hivi tu. Ipandishe rada hiyo mita 9,000, na upeo wake unasogea hadi karibu kilomita 400. Ndiyo maana Marekani ilibandika sahani inayozunguka, yenye upana wa mita 9, mgongoni mwa Boeing 707 na kuiita E-3. Ndani yake hukaa pia waongozaji wanaozungumza na marubani wa ndege za kivita.

Leo wapo wanaosema zama hizo zimekwisha. Juni 2025 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilipendekeza kufuta ununuzi wa E-7, mrithi wa E-3, kwa hoja mbili: bei imepanda, na ndege yenyewe haitapona mbele ya makombora ya masafa marefu. Setilaiti, walisema, zitaichukua kazi hiyo. Wabunge wa Marekani wakapinga.

Hoja ya usalama si ya kubeza. Anayewasha kurunzi gizani huona, ila huonekana kwanza. Mwaka 2024, Januari na tena Februari, Ukraine ilitangaza kudungua A-50, ndege ya Urusi ya aina hiyo hiyo. Ndege kubwa kama ya abiria, inayozunguka eneo moja saa nyingi huku ikitoa mawimbi, ina pa kujificha?

Na kuona peke yake hakutoshi. Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, E-3 ilikuwa angani ikisimamia eneo zima, na bado ndege za F-15 za Marekani zikadungua helikopta mbili za Marekani. Watu 26 wakafa.

Hata hivyo, hoja ya setilaiti mimi hainiingii akilini kwa sasa. Setilaiti ya mzingo wa chini hupita juu ya eneo kwa dakika chache tu, hivyo zinatakiwa nyingi mno ili anga isibaki bila jicho. Kufuta kilichopo kwa kutegemea kijacho ni kuvunja nyumba kwa sababu umeonyeshwa ramani ya nyumba mpya.

Uingereza iliwahi kufanya hivyo, na inaelekea huko tena. E-3 zake ilizistaafisha 2021, mrithi akiwa bado hajafika. Mwaka huo huo ikapunguza oda ya E-7 kutoka tano hadi tatu, ingawa rada tano ilikwisha kuzinunua. Ndege tatu: moja ikiwa karakana, moja mafunzoni, unabaki na moja.

Mara ile ya awali, mwaka 1978, ilikuwa Gannet, ndege ya rada iliyoruka kutoka manowari za kubeba ndege. Ilistaafishwa bila mrithi baharini. Baada ya Sheffield, helikopta za Sea King zilifungwa rada kwa wiki chache, mbio mbio. Zilipofika Falkland, vita vilikuwa vimekwisha.