Profesa wa Hungaria Alivyohubiri Kwenye Matanga Nyamasaria

Wale mnaonitumia ile video ya matanga ya hapa Nyamasaria, Kisumu, mkiuliza "ni wewe?", ndiyo, ni mimi. Sasa nyamazeni niwaeleze, maana Fundi ameshazungusha hadithi yake mpaka Ahero, na kwa hadithi yake eti mimi nilijificha ndani ya simba, yaani kibanda changu cha kijana asiyeoa, nikajifanya sauti ya Mungu ili niwatishe wafiwa. Mimi! Mtu aliyekuwa anatafuta masomo tu.

Mnajua nimewachosha na habari za Stipendium Hungaricum, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Hungaria, tangu Krismasi. Karo wanalipa, pa kulala wanakusaidia, posho kidogo kila mwezi unapata. Nauli ya ndege ujitafutie, na mama alikuwa ameshaanza kumwangalia ng'ombe wetu kwa jicho baya. Mimi niliomba uhandisi wa umeme, nikaitwa mahojiano ya mtandaoni, Ijumaa, saa nne kwao, yaani saa tano kwetu.

Nikajiambia, maprofesa hawa lazima niwashike na kitu cha kwao. Nikakipata. Transfoma kama tunayoijua leo, ile yenye kiini cha chuma kilichofungwa, ilitoka kwao Budapest mwaka 1885, kiwanda cha Ganz, kazi ya wahandisi watatu: Zipernowsky, Bláthy na Déri. Niliyakariri majina hayo mpaka mbuzi wetu akawa anaitika ukimwita Bláthy.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, transfoma ya mtaa ikalipuka. Puu! Cheche, harufu ya mafuta yaliyoungua, giza. Kama mnaona kuna mtu alinipangia haya, hata mimi naona hivyo.

Asubuhi laptopu ya kuazima, ambayo betri yake ni pambo, ikabaki kifuniko. Simu nayo inapumua kwa shida. Mtaa mzima stima ilikuwa mahali pamoja tu: boma la jirani, kwenye matanga ya mzee aliyekuwa azikwe Jumamosi, chini ya jenereta ya Fundi. Fundi ndiye mwenye mitambo ya matanga zote huku kwetu. Akanivutia waya wa ekstensheni kupitia ua mpaka dirishani kwangu, bila hiyana. Nampa haki yake hapo, na ni hapo tu.

Kitu ambacho Fundi hakiweki kwenye hadithi yake ni hiki. Usiku wa juzi yake, simu yake ilizima katikati ya nyimbo, akaniomba yangu. Tukaiunganisha na spika kwa Bluetooth, watu wakaimba mpaka jogoo. Na mashine yake ya spika aliiweka chini ya ua, hatua chache kutoka kitanda changu. Shikeni hapo.

Saa tano kasoro, nimevaa koti la mitumba la soko la Kibuye, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Ng'ambo ya ua kuna mhubiri mgeni, anahubiri kwa Kiingereza, na pembeni yake mkalimani wa Kijaluo, yule kijana mwembamba ambaye mhubiri akikohoa naye anakohoa. Mara jenereta ikaisha petroli. Kimya. Nikamshukuru Mungu kwa utulivu huo. Simu ilikuwa imeshakunywa chaji ya kutosha.

Picha ikafunguka. Maprofesa watatu. Wa katikati mzee wa ndevu nyeupe, ndefu, kifua kama pipa.

Haya ya hemani nimeyaona baadaye kwenye video, lakini nitayapanga yalivyokwenda. Fundi anamimina petroli. Mhubiri, kwa kuwa maiki imekufa, anawaambia watu wainamishe vichwa. "Bwana," anasema, "tumenyamaza. Sasa sema nasi." Mkalimani anatafsiri. Kimya. Hata watoto wamenyamaza. Fundi anavuta kamba ya jenereta. Inawaka. Spika zinaamka, zinamtafuta aliyeongea nazo mara ya mwisho.

Upande wangu, mzee wa ndevu anafungua mdomo. Anafunga. Sisikii kitu.

"Samahani profesa," nikasema, "siwasikii."

Hemani, kutoka spika nne, besi mpaka chini ya ardhi, Kiingereza cha polepole: "Sisi tunakusikia. Na tunakuona vizuri kabisa."

Mkalimani hakufikiri. Jamani, yule kijana ametafsiri miaka mingi, mdomo wake hausubiri kichwa. Maiki ilikuwa imefufuka mkononi mwake. "Waneni!" akapiga kelele. Tunakuona!

Dani mmoja, yaani bibi kizee, akaanguka kutoka kwenye kiti cha plastiki. Si kwamba alizimia. Alishuka mwenyewe, kwa heshima, akalala kifudifudi. Wenzake wakafuata. Mhubiri ameshapiga magoti, macho yako juu ya turubai.

"Hebu tuanze," ikasema sauti. "Tueleze kwa ufupi, umefanya nini na maisha yako mpaka leo?"

Mkalimani akatafsiri, sasa analia.

Na mimi je? Mimi niko ndani ya simba, sisikii lolote, nadhani mtandao unasumbua, nikaamua nisipoteze nafasi. Nikatabasamu, nikawashushia 1885 yao. Kiwanda cha Ganz. Zipernowsky. Nilipofika Bláthy mbuzi akaitika nje.

Wakati huohuo, hemani, mtu mzima akasimama safu ya nyuma. Simtaji. Ni jirani wa marehemu upande wa pili, mwenye shamba linalopakana na lake. Akavua kofia. "Nilisogeza mpaka," akasema. "Ule ua. Niliusogeza usiku. Marehemu alijua, akaninyamazia." Halafu, kwa kuwa sauti haikumjibu, akaongeza kwamba hata mti wa muembe si wake.

Vilio vikapanda. Maprofesa wakavisikia kupitia simu yangu. Nikamwona mzee wa ndevu anasogea karibu na kamera, uso umejaa wasiwasi.

"Nani analia hapo? Kuna mtu ameumia?"

Hapo ndipo nilipomsikia. Mdomo unacheza kwenye simu mbele yangu, na maneno yanaingia kwa dirisha la nyuma, yamechelewa kidogo, na nyuma yake Kijaluo. Niligeuza shingo polepole sana. Nikaangalia dirisha. Nikaangalia simu. Kwenye kona ya skrini kuna kile kialama cha buluu.

Vidole vilikuwa na jasho, wadau. Nilibonyeza kila kitu isipokuwa Bluetooth. Nilizima kamera. Nikaiwasha. Kwa bahati mbaya niliongeza sauti. "Usiogope!" profesa akanguruma juu ya Nyamasaria nzima. "Tuko pamoja nawe!"

Fundi ndiye aliyeng'oa waya. Kimya kikaanguka, na ndani ya kimya hicho sauti yangu peke yake, nyembamba, kutoka nyuma ya ua: "Asante sana, profesa."

Vichwa vyote vikageuka.

Basi, mengine ni mafupi. Niliwaeleza maprofesa ukweli, mama profesa akatoka nje ya picha na kuonekana mabega tu yakitikisika. Mzee wa ndevu akaniuliza kwa nini jenereta ilikuwa inaguna kila spika zinapopaza, nikamjibu kwamba mzigo ukipanda injini inapungua kasi, volti na masafa vinashuka mpaka gavana, kile kidhibiti kasi cha injini, iongeze mafuta. Akaandika kitu. Watanijulisha. Nilivuka ua na mama, tukaomba radhi kwa wafiwa, wakatusamehe. Mhubiri anasema alijua tangu mwanzo ni simu. Tazameni magoti yake kwenye video. Mkalimani hasemi nami. Mazishi yalikwenda vizuri.

Lakini ule mpaka haujaisha. Jamaa sasa amerudisha kofia kichwani, anasema alikiri kwa Mungu, na kwa kuwa aliyesema naye hakuwa Mungu, maneno yake yamefutika. Wana wa marehemu wanasema hawajali alikuwa anaongea na nani, ilmradi alisema, na tayari wamepima kutoka kwenye muembe kwa kamba ya ng'ombe. Chifu ametuita wote Jumatatu, mimi nikiwa shahidi, nije na simu. Mkubwa wa wana hao amenifuata jana kuuliza kama yule mzee wa ndevu anaweza kupigiwa aseme alichosikia. Nikamwambia labda, lakini asipige mapema, wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja.