Vigelegele Makaburini

Kwanza niseme: sikusinzia kwenye kinanda. Yule rafiki yangu anayewatumia sauti za WhatsApp tangu Jumamosi, eti nilisinzia ndiyo maana muziki wa filamu ukaharibika, hakuwa hata ukumbini, alikuwa nje anakula mishikaki. Sikieni kwangu.

Mnaijua ile filamu fupi niliyowasumbua nayo tangu Pasaka. Muziki wote wangu, kipande kimoja mfululizo toka mwanzo hadi mwisho, maana nilitaka sifa. (Mtaa wetu wote wa Kadutu, hapa Bukavu, nilishauambia uniite Morricone, yule Mwitaliano mtunzi wa muziki wa filamu.) Sasa, filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde. Programu yangu ya muziki nikaiacha kwenye 25, yaani nikatunga filamu ikikimbia kidogo. Picha moja tu, jicho halioni! Lakini kila dakika muziki unatangulia sekunde 2 na ushee. Na mazishi yako dakika ya 20.

Baada ya mazishi kuna harusi. Ya harusi nilirekodi vigelegele vya shangazi zangu watatu, sebuleni, redio ya jirani imezimwa kwa kubembelezwa.

Siku ya kuonyesha filamu, ukumbi wa Ibanda, mtaa wa pili wa Bukavu, umejaa. Jeneza linashuka. Kamba zinateleza mikononi mwa vijana. Mjane anapiga magoti, anachota udongo, anafumbua kiganja. Mama mkwe wangu (ndiyo, nilimwalika, tena kiti cha mbele) ameshatoa kitambaa. Udongo unagusa ubao, na gitaa la sebene, lile la kuchezea harusini, linaingia.

Nikaitazama spika kwa hasira, utadhani ndiyo iliyotunga. Sekunde 48, wandugu. Mnaocheka, hebu zihesabuni kwa sauti, muone zilivyo ndefu. Mjane anagaagaa, gitaa linapanda. Padri anainua mkono abariki kaburi, na hapo hapo: vigelegele.

Ingeishia hapo ningepona. Lakini shangazi walikuwa safu ya tatu. Waliposikia sauti zao, wakasimama wote watatu, wakajiitikia.

Mwongozaji alikuwa ameniwekea mkono begani tangu filamu ianze. Akautoa. Polepole.

Nimesharekebisha, dakika kumi kazi imekwisha. Nilijitetea kwamba Morricone alimwandikia Sergio Leone, mwongozaji wake, muziki kabla kamera haijawashwa, sasa wangu kutangulia sekunde 48 ni dhambi? Mwongozaji wangu hakujibu. Nusu ya malipo iliyobaki siiulizii.

Mama mkwe anataka kujua yule marehemu aliwakosea nini watu. Shangazi wanauliza filamu nyingine lini.